Sitamwambia Ilikotoka Asali Nyeusi

Wewe unayesoma, nianze kwa kukuomba radhi. Herufi zangu hazipendi kukaa kwenye mstari, na kuna maneno ambayo hata baada ya kuyaandika sina uhakika nayo, utayanyoosha mwenyewe unaposoma. Niliishia darasa la saba. Naandika polepole, neno moja nalishika nikaligeuza kama mtu anayechagua viazi vya mbegu. Kuongea mbele ya watu ndiyo kabisa siwezi, midomo inakauka. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Jambo hili limekaa tumboni mwangu tangu utoto, nilidhani limelala, lakini mwezi wa nane uliopita mtu mmoja aliliamsha.

Nilikuwa nimetoka Uyole, Mbeya, ninakouza viazi sokoni, nikaenda kijijini kwetu Kilolo kwenye kipaimara cha mtoto wa shangazi. Nyumba ya shangazi imetazamana na kiwanja kilichokuwa cha bibi yangu. Bibi alipofariki, baba zangu wadogo walikiuza kwa jirani, pamoja na miti na mizinga ya nyuki. Jirani huyo ndiye aliyenifuata siku ile, watu wakiwa wanakula pilau. Amezeeka, mabega yameshuka, lakini sauti ni ileile ya kuvuta watu. Akanisalimia kamwene, salamu ya kwetu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akauliza habari za Mbeya na za biashara. Kisha akanisogeza pembeni mpaka kwenye ukuta wa jikoni, akainama kidogo.

"Mwanangu, hebu niambie," alisema. "Bibi yako alikuwa anafanyaje ile asali ikawa nyeusi?"

Niligeuza shingo nikaitazama miti ya bibi ng'ambo ya njia. Ilikuwa misafi, ya kijani kibichi, haina doa. Usafi ule uliniuma kuliko swali lake, na ili uelewe kwa nini, inabidi nikurudishe nyuma.

Ile ni miti ya saipresi, ambayo sisi kwetu tunaiita miti ya Krismasi kwa sababu Desemba kila mtu anakuja kuomba tawi. Babu aliipanda iwe uzio, lakini hakuna aliyeipunguza, ikapanda juu mpaka ikaufunika upande mzima wa nyumba. Nilikuwa naishi na bibi tangu naanza kutembea. Kazi zangu zilikuwa kufagia uwanja, kuteka maji bondeni, na kuwazuia kuku wasiingie jikoni. Kwetu baridi ya mwezi wa sita na wa saba si ya mchezo. Asubuhi majani yanakuwa na vumbi jeupe la baridi, maua yamekwisha porini, na moshi wa jikoni unatambaa chini kama hautaki kupanda.

Ni katika baridi hiyo miti yetu ilipodondosha utamu.

Ukisogeza matawi ungeona wadudu wadogo wa kahawia wamejipanga kwenye kijiti, wamebanana kama abiria, midomo yao imechomekwa kwenye gome. Sijui wataalamu wanawaitaje. Bibi aliwaita chawa wa mti. Walikuwa wananyonya maji ya mti mchana kutwa, na kwa kuwa maji hayo ni mengi kuliko wanavyoweza kubeba, yaliyozidi waliyatoa kwa nyuma, tone kwa tone, yakiwa bado na sukari. Jioni tuliweka sinia la bati chini ya matawi, mimi na watoto wa shangazi. Asubuhi lilikuwa linang'aa kama limepakwa vanishi, tukalilamba kwa zamu, tukisukumana. Lilikuwa baridi, ulimi uking'ang'ania kwenye bati kidogo. Bibi alikuwa akitucheka mpaka anashika kiuno. Alisema tunalamba mkojo wa chawa na bado tunagombania. Sisi tulilamba tu.

Nadhani hakuna kiumbe pale nyumbani ambaye hakula kwenye ile miti. Sisimizi walipanda kwa mstari asubuhi na kushuka kwa mstari jioni, matumbo yamejaa mpaka yanapitisha mwanga. Walikuwa wakiwapapasa wale wadudu kwa vipapasio vyao, na tone lilipotoka walilinywa palepale. Akija mdudu mwekundu mwenye madoa, yule anayekula chawa wa mti, sisimizi walimng'ata miguu mpaka anaanguka. Kuku wa bibi walishinda chini ya miti wakidonoa sisimizi walioteleza. Vilikuja vindege vya kijani vyenye duara jeupe kuzunguka jicho, vikaning'inia kichwa chini vikilamba vijani. Hata matone yaliyofika chini hayakupotea. Yaliota ukungu, majani makavu yakaoza upesi, na bibi aliyazoa na kuyatia kwenye matuta yake ya kabichi.

Na walikuja nyuki. Jua lilipopata nguvu kidogo na kulegeza ule utamu uliogandia matawini, mti mzima ulianza kuvuma. Ungefumba macho ungedhani ni msimu wa maua. Bibi alikuwa na mizinga ya magogo, ameilaza kwenye matawi ya chini, mingine juu ya jukwaa la miti nyuma ya choo. Aliniambia, "Baridi ikija maua yanalala. Hawa chawa ndio wanaowapikia nyuki." Majirani wengine nyuki wao walikuwa wanahama wakati wa baridi kwa njaa. Wa bibi hawakuhama.

Ilikuwa na kero zake, sikatai. Kwenye utamu ule hujitokeza masizi meusi, yanaota yenyewe bila moto. Matawi yanakuwa meusi, mabati yanakuwa meusi, na shati la shule ukilisahau kwenye kamba upande ule, linarudi na madoadoa. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alinisimamisha akaniuliza kama nalala jikoni na sufuria. Nilishindwa kumweleza. Ningeanzaje?

Asali iliyotokana na utamu huo ilikuwa tofauti na ya wakati wa mvua. Ya mvua ni ya njano, tamu mpaka koo linawasha. Ya baridi ilikuwa nyeusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Utamu wake ulikuja taratibu, na nyuma yake kulikuwa na harufu ya utomvu na moshi. Bibi alinipa kijiko nikikohoa. Tulichovya viazi vya kuchemsha. Aliipenda kuliko ya njano, na kwa sababu aliipenda, ndiyo aliyoipeleka kanisani siku ya mavuno.

Kwetu, kama huna fedha unatoa ulichonacho. Unapeleka madhabahuni mayai, kuku, debe la mahindi, na baada ya ibada vitu hivyo vinanadiwa nje. Jirani ndiye aliyekuwa mnadishaji. Alikuwa hodari, nisimwonee. Angeweza kuinua boga akalisifia mpaka mtu mwenye maboga shambani akalinunua. Na ujue kwamba jirani mwenyewe alikuwa mfugaji wa nyuki. Asali aliijua.

Bibi alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Chupa aliisafisha kwa mchanga mpaka kioo kikalia. Jirani aliiinua kwenye jua, akaigeuza, akakunja pua, akaikaribia kama mtu anayenusa kidonda.

"Ndugu zangu katika Bwana," alisema, "mama ametuletea oil chafu. Nani ana pikipiki?"

Watu walicheka. Akaona wanacheka, akaendelea. Akamwita kijana wa bodaboda aliyekuwa ameegemea ukuta, akamwambia aje amwage ya zamani aweke hii, imebarikiwa. Akachovya kidole, akakilamba, akawageuzia watu uso uliokunjamana. Akasema mama labda sukari ilimuungulia, basi tumwombee. Mchungaji naye alikuwa anatabasamu akitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshika upindo wa kitenge cha bibi.

Hakuna aliyeitaka. Na sadaka haiwezi kurudi bure, ni aibu kwa Mungu. Bibi alifungua fundo la khanga aliyojitanda, akatoa alichokuwa nacho, akainunua sadaka yake mwenyewe. Tukarudi nayo nyumbani. Tulipofika aliniambia niivue nguo ya kanisani isichafuke.

Toka siku ile shuleni sikuwa na jina. Nilikuwa Oil Chafu. Nikisimama kujibu swali mtu anaunguruma nyuma kama pikipiki, na darasa zima linaanguka kwa kicheko. Nikaacha kusimama. Nikaacha kujibu. Watu wananiambia nina aibu, nimezaliwa hivyo. Si kweli. Najua siku niliyoipata na najua aliyenipa.

Lakini hilo si kubwa. Ngoja.

Asali nyeusi ya bibi haikununuliwa tena kijijini. Ilijaa ndoo, ndoo zikakaa chini ya kitanda. Ndipo jirani akaja, jioni, amevua kofia. Alisema utani wa mnadani usimkae mama moyoni, ni uchangamfu tu wa kazi. Akasema anaweza kumsaidia. Asali ile binadamu hawezi kuila, lakini yeye ataitumia kupaka ndani ya mizinga mitupu ili kuvuta makundi ya nyuki. Akatoa chumvi na kipande cha sabuni, akaondoka na ndoo. Bibi alimsindikiza mpaka njiani akimshukuru. Kila mwaka baada ya baridi alikuja, na kila mwaka bibi alimshukuru.

Nilipomaliza darasa la saba, shangazi mwingine akaniita Uyole nikamsaidie genge. Basi letu lilishuka bondeni likasimama Ipogolo, kwenye barabara kuu, kupakia. Unajua Ipogolo, madirisha yanavamiwa na mahindi, karanga, vitunguu vya kusukwa. Kwenye dirisha langu ikapandishwa chupa ya asali nyeusi. Aliyeishika alikuwa mke wa jirani yetu. Hakuniona, jua lilikuwa linampiga machoni. Alikuwa anaita, "Asali nyeusi ya dawa, mama, asali ya vifua hiyo, haipatikani popote." Abiria wa nyuma yangu aliinunua bila kubisha bei, na akamwambia mwenzake kwamba kila akipita anaitafuta, ya njano ni ya watoto.

Basi likaondoka. Nilishika chuma cha kiti cha mbele mpaka tukapita Mafinga, na nadhani sijakiachia mpaka leo.

Kwa hiyo alijua. Siku ile alipolamba kidole chake mbele ya kanisa, alijua anachokilamba. Aliichafua ili apewe.

Nilitaka kumwambia bibi. Nilipiga simu kupitia kwa shangazi wa kijijini, na bibi akawahi yeye kuniambia kwa furaha kwamba jirani amepita, ameleta chumvi, yule baba Mungu amwongezee siku. Nikaitikia amina tu. Bibi alifariki miaka michache baadaye akiwa anamhesabu mtu huyo kama mwanawe. Kwenye mazishi jirani alibeba jeneza upande wa mbele. Nilimtazama mgongo njia nzima, na nisingeweza kukueleza nilichokuwa nakiomba huku wenzangu wakiimba.

Kisha akanunua kiwanja. Alidhani amenunua asali. Alidhani utamu ule uko kwenye magogo ya bibi, au kwenye aina ya nyuki wake. Akapanda parachichi za kisasa, akaezeka nyumba mpya kwa bati la rangi ya maziwa. Baridi ikaja, miti ikaanza kudondosha. Masizi yakaingia kwenye bati lake na kwenye majani ya miche yake. Basi akaenda duka la pembejeo, akanunua dawa ya wadudu, akavaa pampu mgongoni, akaipulizia miti yote mpaka juu. Shangazi ndiye aliyenisimulia. Alisema kulikuwa na zulia la sisimizi chini, na nyuki wanatambaa hawajui pa kwenda, na kuku waliodonoa pale walikufa. Tangu hapo anapuliza kila baridi. Ana nyuki wachache wa mvua, asali ya njano. Ya dawa hakuna. Na wateja wa barabarani bado wanaiulizia, sasa hata watu wa magari madogo wanashusha vioo.

Sasa umeelewa alichokuwa ananiuliza pale ukutani.

"Sijui, baba," nilimjibu. "Nilikuwa mdogo."

Alicheka. "Mdogo? Wewe uliyekuwa unapanda ile miti kama ngedere? Mizinga yote ulikuwa unaijua."

"Nimesahau."

Akanivusha njia mpaka chini ya miti, akanibembeleza. Alisema mama alikuwa mtu wake, angependa kazi yake isife. Alisema labda kulikuwa na jani analochoma kwenye moshi, au mti fulani anaochongea mzinga. Tutakula wote, mwanangu. Alikuwa amesimama amejaa kwenye kivuli cha miti yenyewe, mkono ameegemeza kwenye gome. Jibu lilikuwa sentimita chache juu ya vidole vyake, pale walipokuwa wakijipanga wale wadudu aliowaua kwa fedha yake mwenyewe. Nilihisi utamu mdomoni, sikufichi. Sikuwahi kulamba kitu kitamu kama ile dakika.

"Kweli sijui," nilisema, nikarudi kwenye pilau.

Yote ningeweza kuyamaliza kwa maneno machache. Acha kupuliza. Mwaka mmoja au miwili chawa wa mti wangerudi wenyewe kutoka msitu wa juu, sisimizi wangewafuata, vindege vingewafuata sisimizi, nyuki wangeacha kuhama. Hilo ndilo linalonisumbua ninapofunga genge jioni. Ninapomnyima yeye nawanyima na wao. Shangazi anasema baridi hii mizinga miwili imebaki mitupu, na asubuhi pale hakuvumi kitu. Wajukuu wake hawajui kwamba bati linaweza kulambwa. Nilipowasimulia walinitazama kama nimewadanganya, mmoja akasema shangazi huyo mchafu. Ulimwengu mzima uliokuwa unakula kwenye uzio wa babu umekwisha, na aliyeambiwa na bibi ulivyokuwa unakula ni mimi peke yangu, nami nimefunga mdomo.

Ningependa kukuambia kwamba nimejuta. Sijajuta. Nikiwaza midomo ya nyuki wenye njaa nalainika, halafu nawaza bibi akifungua lile fundo la khanga mbele ya watu wanaocheka, nakuwa mgumu tena. Yeye anazeeka, mimi bado kijana. Siku atakapozikwa nitakwenda, nitatupa udongo wangu kama wengine, kisha nitavuka njia nimwambie mke wake aitupe ile pampu. Si kabla ya hapo. Kama miti itaweza kusubiri.

Nawe uliyefika hapa, niandikie. Usiniandikie habari za kusamehe, hizo nimezisikia kanisani tangu nikiwa nimeshika kitenge cha mtu. Niandikie kama kwenu kuna mti unaodondosha, na ni mti gani, na nani anaulamba. Mwandiko wako ukiwa mbaya kama wangu si neno, nitausoma polepole.